Profesa anasema niandike mwenyewe, yeye atatia sahihi

Wa Kasarani:
Habarini ndugu zangu mlio ng'ambo. Nimemaliza uzamifu hapa Nairobi na naomba kazi ya uhadhiri Marekani. Wanataka barua tatu za mapendekezo. Profesa mmoja kaniambia niandike mwenyewe, yeye atatia sahihi na muhuri. Wa pili kanipa yake ndani ya bahasha, kaigonga muhuri pale inapofungwa. Niifungue niiskani? Mwisho ni tarehe 15 Novemba.

Wa Chicago:
Dada, bahasha hiyo iache kabatini. Huku barua haipiti mikononi mwako. Unajaza baruapepe za warejelewa, yaani wale wanaokuandikia barua, mfumo unawatumia kiungo, wanapakia wenyewe. Ukiulizwa kama unakubali kutoisoma barua, kubali. Iliyosomwa na mwombaji haiaminiki sana.

Hilo la kujiandikia, likatae kwa adabu. Najua kwetu ni kawaida, na mzee wa watu hana nia mbaya, ana mitihani ya kusahihisha imefika dirishani. Lakini barua yake na yako ya maombi zikifika zenye sauti moja, kamati inanusa. Yangu ya kwanza ilikuwa aya mbili: mchapakazi, mwaminifu, mwanakwaya. Kwaya! Kuhusu tasnifu yangu, kimya. Huku barua hufika kurasa mbili, nayo hueleza utafiti wako umeonyesha nini kipya, unafundishaje, na ukiwekwa na wanafunzi wengine wa huyo profesa unasimama wapi.

Kwa hiyo mpe ukurasa mmoja wa vidokezo, si barua: sura unayojivunia, makala yako, lile somo ulilofundisha naye akiwa amekaa nyuma. Ambatisha wasifukazi na tangazo la kazi. Halafu nenda ofisini, usitegemee simu. Kiungo cha profesa wangu kilikaa kwenye spamu wiki tatu, naye akiniambia kila siku "nimeituma, kijana." Muulize pia kama ana baruapepe ya chuo, maana mifumo mingine haipendi ya Gmail.

Wa Leeds:
Uingereza mambo ni tofauti kidogo. Mara nyingi unatoa majina tu, na warejelewa huandikiwa ukishaorodheshwa kwa mahojiano, wakati mwingine kwa siku chache mno. Waonye mapema. Na usiitupe bahasha: ukiomba vyuo vya umma hapo nyumbani, bado kuna wanaopenda karatasi. Hapo shida yako itakuwa vyeti vya KRA (kodi), HELB (mikopo ya elimu ya juu), EACC (tume ya kupambana na ufisadi) na kile cha polisi cha tabia njema.

Wa Kasarani:
Asanteni sana. Nimempigia profesa. Amecheka, akasema vidokezo ni afadhali, hata yeye alikuwa hajui aanzie wapi. Niende Jumanne saa nne, na nibebe bando zangu, intaneti ya ofisi imekufa tangu wiki jana.