Lenzi za pembe pana za miaka ya 60 na 70: zina kitu, au tunauziwa hadithi?

Mleta mada
Wakuu, kwema? Siku hizi kila anayeuza lenzi kuukuu anakwambia ina "roho". Nikkor ya Nikon ya 24mm iliyochubuka (mm zikipungua, lenzi inaona upana zaidi), Takumar ya Pentax ya 28mm, Flektogon ya Ujerumani Mashariki, zote zina roho, na roho yenyewe haiishi kupanda bei. Mimi natumia lenzi hizi na nazipenda, ila habari za roho siziungi mkono. Rangi iliyofifia kidogo, weupe unaotanda jua likikupiga usoni: sehemu kubwa ni tabaka la kuzuia mng'ao ambalo enzi hizo lilikuwa hafifu. Mtu akiita kasoro sanaa, sawa, lakini asinitoze hela ya ziada.

Kinachonifunga kwao ni pete ya fokasi, ile ya kulenga umbali ili picha itoke kali. Chukua 28mm ya zamani uigeuze mkononi: mita zimechongwa kwenye chuma, na kando yake namba za tundu la mwanga, 4, 8, 11, 16, zimejipanga kushoto na kulia, kukuonyesha ni kuanzia wapi hadi wapi patatoka vizuri. Funga tundu hadi f/8 (namba ikikua, tundu linapungua), weka pete kwenye mita tatu na ushee, basi kila kilichopo kuanzia mita moja na nusu hivi hadi mwisho wa macho kinatoka vizuri. Hufokasi tena. Unapita zako sokoni Darajani, unainua kamera, unabonyeza, unaendelea na safari. Lenzi nyingi za sasa hazina alama hizo, na pete yake inazunguka tu bila kikomo kwa sababu ni swichi ya kuiamuru mota.

Angalizo: alama zile zilipigiwa hesabu enzi za filamu, picha zikisafishwa ndogondogo. Kwenye sensa (kipokea picha cha kamera ya dijitali) ya megapikseli nyingi utaona ulegevu. Funga f/11, lakini soma alama za f/8.

Sasa ukiiweka pete kando, ipo sababu nyingine ya kweli ya kununua pembe pana ya zamani? Nawasilisha.

Mpiga_Harusi
Mkuu, umesema vizuri, ila umesema ya mchana. Njoo ukumbini saa tatu usiku, taa za zambarau, bibi harusi anaingia anacheza na wapambe wake. Hiyo f/8 naipeleka wapi? Lenzi ya sasa inashika jicho na kulifuata mpaka meza kuu. Wewe na pete yako utaniletea picha ya shela.

Mleta mada
Flashi, mkuu. Ielekeze darini, kaa f/5.6, pete mita mbili. Watu walipiga harusi hivyo miaka nenda rudi.

Mpiga_Harusi
Darini kumefunikwa vitambaa vyeusi na maua! Nikiipiga mbele moja kwa moja, mapambo ya mamilioni yanageuka giza nyuma ya maharusi. Kamati itanidai hela yake.

Fundi_wa_Makorora
Nyie bishaneni, mimi hapa Tanga nazifungua. Adui wa lenzi hizi ni unyevu wa pwani. Kabla hujatoa hela, fungua tundu lote, washa tochi ya simu upande wa nyuma, uchungulie kwa mbele ukiinamisha inamisha. Vumbi dogo lisikutishe. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi. Ikiwahiwa inasafishika, ikichelewa inakuwa imeshakula tabaka la juu ya kioo, na alama hiyo haitoki tena, hata akulainishie maneno vipi muuzaji. Kisha chezesha pete ya tundu utazame visu vyembamba vinavyolifunga: vikiwa na mafuta vinarudi kwa uvivu. Pete ya fokasi ikiwa nzito, grisi imekauka, hilo linatengenezeka.

Na tafadhali, mikoba ya ngozi iliyokuja na lenzi pambeni nayo kabatini. Inashika unyevu. Lenzi ikae kwenye boksi lenye mpira wa kuzibia, na pakiti za silika.

Mwalimu_wa_Fizikia
Nimjibu mleta mada, maana fundi kanitangulia. Sababu nyingine ipo: mistari.

Kamera yenye kioo cha kuakisi, kile kinachokuletea picha jichoni, inahitaji nafasi nyuma ya lenzi ili kioo hicho kiinuke bila kugonga. Lenzi fupi, yaani yenye mm chache, ya muundo wa kawaida isingeacha nafasi hiyo. Mwaka 1950 Angénieux wa Ufaransa akatoa 35mm f/2.5 aliyoiita Retrofocus: vioo vya kutawanya mwanga vinakaa mbele, kwa hiyo lenzi fupi inaweza kukaa mbali na filamu. Mwaka 1967 Nikon wakatoa 24mm f/2.8 ambayo baadhi ya vioo vyake vinasogea kivyake ukifokasi karibu, ili kona zisiharibike. Hakukuwa na programu ya kunyoosha ukuta uliopinda. Aliyechora lenzi alipambana na mpindo huo ndani ya kioo, au auache kila mtu auone.

Lenzi nyingi za leo zinaachia programu kazi hiyo. Zima marekebisho, upige mlango wa Mji Mkongwe kwa 24mm, uone miimo inavyovimba. Programu ikiinyoosha, kona zinavutwa na ukali unapungua. Sisemi za zamani hazipindi, zipo zinazopinda vibaya. Nasema ukipata nzuri, unachokiona ni kazi ya kioo.

Ila msinunue kwa jina. Jupiter-12 ya Kisovieti, 35mm, kioo chake cha nyuma kinaingia ndani sana, na mwanga unafika pembeni mwa sensa ukiwa umelala mno. Kwenye filamu ilikuwa safi. Kwenye dijitali kona zinaweza kuwa zambarau na kuchafuka.

Kijana_wa_Simu
Wakubwa shikamooni. Kamera kuu ya simu nyingi ni kama 24 au 26mm. Pembe pana ipo mfukoni, kila kitu kinatoka kikali kuanzia karibu hadi mbali, sihitaji f/8 wala pete. Mnachokitafuta kwa shida, sisi tumezaliwa nacho.

Mleta mada
Marahaba. Hapo umenigusa, kwa picha za mchana simu inafanya hicho hicho. Tofauti nayoiona ni kwamba simu inaamua yenyewe nini kiangazwe, nini kilainishwe. Mimi napenda kuamua kabla sijainua mkono. Hiyo ni raha yangu, siwezi kuipima.

Kijana_wa_Simu
Basi nina kamera isiyo na kioo cha kuakisi, ile ndogo. Nianze na ipi?

Mleta mada
Takumar 28mm f/3.5 na adapta ya M42, yaani ya mdomo wa skrubu wa lenzi hizo. Lenzi hiyo inataka milimita 45.46 kutoka sensa, kamera yako pengine ina 18 tu, kwa hiyo adapta ni bomba tupu la kujaza pengo hilo, lisilo na kioo cha lenzi ndani. Si ghali.

Mpiga_Harusi
Subiri, mdogo wangu. "Ile ndogo" ni ya sensa ndogo, siyo? Hapo 28 inaona kama 42, maana sensa inachukua sehemu ya katikati tu. Pembe pana imeshakufa. Ili upate upana aliokusifia utahitaji 18 au 20mm ya zamani, na hizo ndizo adimu na ghali. Lenzi ya plastiki iliyokuja na kamera yako inaanzia 18. Itumie hiyo, hela uliyobakiza nunua flashi.