Naomba ushauri: ukuta wa mbao Molo, pamba ya ndani imelowa

Hamjambo wadau. Tunakarabati nyumba ya mzee huko Molo. Ni ya mbao za mwerezi, nje na ndani, na katikati wajenzi walijaza pamba ya nyuzi za kioo, ile ya manjano inayowasha mikono. Fundi amebandua mbao kadhaa upande unaopigwa na mvua: pamba imelowa na kushuka chini kama soksi iliyoisha mpira, juu pamebaki wazi. Panya nao wamejijengea estate humo. Misumari imeshika kutu, ila nguzo bado ngumu.

Fundi anasema tuikaushe, tuirudishe, tupige rangi. Mimi nimekataa. Ikishalala hivyo haizuii baridi, na Molo, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, Julai si mchezo.

Sasa niweke pamba mpya, au yale mapande meupe ya povu? Povu halinywi maji sana lakini hushika moto haraka, na mama hapiki bila kuni. Halafu karatasi ya nailoni inakaa ndani au nje? Nahofia mvuke wa jikoni ukikwama mbao zitaoza. Aliyenunua vifaa hivi Nakuru mjini anitajie bei pia, tafadhali.