Tupeane uzoefu: ganzi iko mguuni, kumbe chanzo kiko kiunoni

Ndugu wanajamvi, naomba tupeane uzoefu kuhusu jambo lililonihangaisha kwa miezi mingi kabla sijalielewa: mtu anaumwa au anakufa ganzi sehemu fulani ya mwili, kumbe kilichoharibika kiko mbali na hapo, kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu (neva) inayochomoza katika uti wa mgongo. Naanza na yangu.

Mimi ni mwalimu, na kutwa nzima nasimama. Mambo yalianza pale ndala ya mguu wa kulia ilipokuwa ikinivuka njiani bila mimi kujua, hadi kisigino kikanyage changarawe. Nilipojichunguza nilikuta ganzi imeshuka upande wa nje wa muundi mpaka juu ya wayo na kidole gumba, ilhali kidole cha mwisho na kisigino vilikuwa na hisia zake zote. Kwa miezi minne niliuchua mguu kwa mafuta, nikauloweka katika maji ya moto yenye chumvi, nikabadilisha viatu mara mbili. Kiuno sikukijali, kwa kuwa hakikuwa kikiniuma sana.

Hatimaye nilimwona mtaalamu wa fiziotherapia. Alinilaza kitandani, akakandamiza kidole gumba cha kila mguu kwa kidole chake, akaniambia nivinue vyote viwili kwa nguvu zangu zote. Cha kushoto kilimshinda. Cha kulia kililala tu, kana kwamba si changu. Palepale, kabla ya picha yoyote, akasema anashuku neva ya tano ya kiuno. Kipimo cha MRI kilikuja kuonyesha kwamba diski, yaani kile kitako laini kilicho kati ya pingili (mifupa ya uti wa mgongo) ya nne na ya tano ya kiuno, imetokeza na kuubana mzizi wa neva hiyo.

Nilimuuliza alijuaje. Alinieleza kwamba neva za uti wa mgongo ni jozi 31: 8 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za nyonga na 1 ya kifandugu, na kila moja ina eneo lake la ngozi na misuli inayoitumikia. Kila neva huanza kwa mizizi miwili: wa nyuma huingiza hisia, wa mbele hutoa amri kwenda kwenye misuli, kisha huungana na kutoka pamoja kando ya pingili. Ndiyo maana mbano mmoja tu uliniletea ganzi na udhaifu kwa wakati mmoja. Kwenye kiwiliwili maeneo hayo ya ngozi yamejipanga kama mikanda, lakini miguuni na mikononi yanashuka kwa urefu, na hili lilinichanganya mpaka aliponiambia nimfikirie mtu anayetambaa kama mtoto: hapo utaona mistari inafuatana kwa zamu kutoka shingoni kwenda nyuma, na ya mwisho kabisa haiko vidoleni, iko kuzunguka njia ya haja kubwa. Maeneo jirani hupandiana kidogo, na misuli mingi hupata neva zaidi ya moja, kwa hiyo mzizi mmoja ukibanwa mguu haufi wote.

Karibuni na yenu.

Mchangiaji kutoka Moshi: Ndugu mleta mada, pole sana. Mimi nilipata mkanda wa jeshi. Siku tatu za kwanza niliungua ubavuni bila kuona kitu, nikadhani ni figo, kisha malengelenge yakajitokeza kuanzia mgongoni, yakazunguka ubavu wa kushoto na kukoma kitovuni kana kwamba mtu amepiga mstari kwa rula. Marehemu bibi alikuwa akisema mkanda huo ukikutana ncha kwa ncha mtu hufa, nami nilikuwa nikijitazama kwenye kioo kila asubuhi kwa hofu. Daktari alinituliza: virusi vya tetekuwanga niliyougua utotoni vilijificha katika fundo la neva kando ya uti wa mgongo, na vilipoamka vilifuata neva ile moja, ya kumi ya kifua, ambayo eneo lake hufika usawa wa kitovu. Neva ya kushoto hutumikia upande wa kushoto, ndiyo sababu mkanda uliishia katikati. Mleta mada, kidole chako kinaendeleaje sasa?

Mchangiaji kutoka Mtwara: Yangu si ugonjwa. Nilijifungua kwa upasuaji, nikachomwa sindano ya mgongo. Daktari wa usingizi aliichoma chini kiunoni, akinieleza kwamba ugwe wa mgongo, yaani ile kamba kuu ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na chini ya hapo kuna mizizi tu inayoelea majini. Miguu ilipata joto, kisha ikawa mizito kama magogo. Akachukua pamba yenye spiriti, akanigusa kuanzia pajani kupanda juu, na kila mara akauliza, "Mama, unasikia baridi?" Hakuruhusu kisu mpaka baridi ilipopotea hadi usawa wa chuchu, ambako ndiko neva ya nne ya kifua inakotawala. Nilikuwa nimedhani kitovu kingetosha, kwa kuwa mkato uko chini yake, lakini alisema viungo vya ndani vina neva zinazotoka juu zaidi. Mikono yao tumboni niliisikia, maumivu sikuyasikia.

Mchangiaji kutoka Kigoma: Nawasihi msichukulie kila ganzi kuwa ya kusubiri. Mjomba wangu aliumwa kiuno, kisha akafa ganzi mahali pale anapokalia tandiko la baiskeli, na mkojo ukagoma. Kwa umri wake sote tulisema ni tezi dume. Tulipoteza siku mbili. Kumbe diski ilikuwa imebana kifurushi kizima cha mizizi ya chini, zikiwemo neva za pili hadi ya nne za nyonga, ambazo huendesha kibofu. Alifanyiwa upasuaji na sasa anatembea, lakini mpaka leo anatumia mpira wa mkojo. Dalili hizo zikikutana, mtu apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mleta mada: Ahsanteni sana, na wa Kigoma, mfikishie mjomba salamu zetu. Ndugu wa Moshi, sikuhitaji upasuaji. Baada ya miezi saba ya mazoezi kidole kinainuka, na ndala hainivuki tena. Kimebaki kipande kimoja cha ngozi, kati ya kidole gumba na cha pili, ambacho nikikigusa ni kama nakigusa juu ya soksi.