Naomba ushauri: tangu tuangalie ile tamthilia, mama anasubiri bibi azinduke

Habari zenu ndugu zangu. Wikiendi tulikaa sebuleni tukaangalia Grey's Anatomy, tamthilia ya Marekani ya madaktari, ile ya msimu wa 3 (2007) ambapo Ellis Grey, daktari wa upasuaji mwenye Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu), anaamka akili ikiwa timamu kabisa. Anamtambua bintiye Meredith, anamuuliza habari za maisha yake, halafu anamsema kwamba amekuwa mtu wa kawaida tu. Dada alikasirika: mama gani huyo, kapata siku moja anaimalizia kugomba! Shemeji akasema hizo ni chumvi za watunzi. Mama hakusema kitu, alijifuta machozi kwa kanga.

Tatizo limeanza asubuhi yake. Bibi ana miaka 81, mwaka wa tatu huu ananiita jina la marehemu kaka yake. Sasa mama kila akimpelekea uji anamkazia macho: "Mama, mimi nani?" Bibi anababaika, kijiko kinamtetemeka, jana kamwaga bakuli zima. Ila ukimwacha asimulie kuchuma karafuu Pemba enzi za usichana wake, hana shida hata kidogo.

Vipindi vya nafuu vipo, lakini hata Ellis alirudi kusahau. Nimwambieje mama bila kumvunja moyo? Na nyie mliouguza wazee hivi, mkiitwa jina la mtu mwingine mlikuwa mnasahihisha au mnaitika tu? Mimi huwa naitika.