Mada: Gemu inakwama nikicheza na mtoto wa kaka yuko Tabora

Kutoka: Shangazi wa Isevya, Manchester

Ndugu zangu wa Tabora na Kigoma, habari za huko mliko. Naombeni msaada kwenye jambo ambalo wengine mtaliona dogo ila kwangu si dogo hata kidogo. Nina mtoto wa kaka yangu yuko Tabora, darasa la saba, toka baba yake afariki mwaka juzi sie wawili tunakutana kila Jumamosi kwenye gemu ya simu, ile ya kupigana risasi kwa timu, tunacheza huku tunaongea, na ndo humohumo ananisimulia ya shule na ya nyumbani ambayo nikimpigia simu ya kawaida haniambii, anajibu "salama shangazi" basi imeisha. Sasa huu ni mwezi wa pili mfululizo gemu haichezeki. Nakimbia mbele narudishwa nyuma, adui nampiga haanguki, sauti ya mtoto inakatikakatika kama mtu anayeongelea ndani ya pipa. Nkapiga simu kampuni yangu ya intaneti wakaniambia niongeze spidi, nkatoka Mbps 60 nkaenda 500, bei imepanda, mkataba miezi 18, na gemu iko vilevile. Mtoto anasema shangazi tatizo liko kwako, mi namwambia liko kwako. Kuna anayeelewa haya mambo?

---

Kutoka: Kaka wa Gungu, Dortmund

Shikamoo dada. Pole sana na msiba, na pole kwa huo mkataba manake walichokuuzia si dawa ya ugonjwa ulio nao. Ngoja nieleze kidogo kwa urefu kwa sababu nimeona wengi humu wanalipia spidi kubwa kwa ajili ya hili hili na inaniuma.

Mbps, yaani kiasi cha data kinachopita kwa sekunde, ni idadi ya mabehewa. Treni ya Dar kwenda Kigoma, zile kilomita 1,254, ukiifungia mabehewa kumi ya ziada itabeba watu wengi zaidi ila haifiki mapema hata dakika moja. Gemu yenyewe haihitaji mabehewa, nyingi zinakula chini ya Mbps 1, hata video ya kawaida inakula zaidi. Inachohitaji ni muda, yaani kipaketi, kipande kidogo cha data, kitoke kwenye simu yako kifike kwenye seva, ile kompyuta ya wenye gemu inayowaunganisha, na jibu lirudi, huo muda ndo tunaita pingi na unahesabiwa kwa milisekunde. Tena kuliko udogo wa pingi muhimu zaidi ni iwe sawasawa. Pingi ya 150 isiyoyumba inachezeka vizuri tu mtu anaizoea, ila pingi inayoruka 40, 300, 60, 450 hiyo haichezeki, na hapo ndo unarudishwa nyuma, kwa sababu simu yako ilishakusogeza mbele kwa kubahatisha halafu seva ikija kusema "hapana, we uko pale" inakurudisha. Na adui haanguki kwa sababu wakati risasi yako inafika kwenye seva mwenzio alishahama. Sauti kukatika nayo ni vipaketi vinavyopotea njiani au vinavyochelewa mpaka havina kazi tena.

Kwahiyo kabla hamjaendelea kulaumiana na mtoto, pima. Chukua laptopu, fungua lile dirisha jeusi la Command Prompt, andika ping -n 100 halafu anwani ya ruta yako, iko kwenye stika chini ya ruta yenyewe, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Huo ni umbali wa kutoka kitini mpaka ukutani, inatakiwa iwe milisekunde 1, 2, 5 hivi. Ukiona inaruka 80, 150, au kuna zinazopotea, ugonjwa uko humo ndani na kampuni haihusiki. Kisha rudia kwa ping -n 100 8.8.8.8, hiyo ni anwani ya seva ya Google, inatoka nje ya nyumba. Kama ya ruta iko safi na hii ya nje ni chafu, ndo sasa tunaanza kuulizana vizuri.

Kama ni ya ndani, basi ni waifai. Mkikaa kwenye maghorofa kila jirani ana ruta yake na masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu ambazo haziingiliani, 1, 6 na 11, mnagombania hizo hizo nyumba ishirini, na maikrowevu nayo inapiga kelele kwenye masafa hayo hayo. Hamia 5 GHz, inafika karibu zaidi ila ina nafasi. Bora kuliko vyote ni waya. Hata simu inachomekwa waya wa intaneti, kuna kiunganishi kidogo cha USB-C kinauzwa kwa bei ndogo, mi nnacho na sijutii.

Ila dada, mi nahisi kwako ni foleni. Hili ndo naomba ulisome polepole. Ndani ya ruta kuna sehemu ya kusubiria, vipaketi vikiwa vingi kuliko njia vinapangwa foleni, na ruta nyingi zimepewa foleni ndefu mno. Kitu kimoja nyumbani kikianza kupandisha video au picha mtandaoni kinaijaza foleni yote, na kipaketi chako cha gemu, kidogo kabisa, kinakaa nyuma ya mlima wa picha kusubiri zamu. Wenyewe wanaita bufabloti, kuanzia 2010 mhandisi mmoja wa Marekani, Jim Gettys, alilipigia sana kelele baada ya kuliona kwenye intaneti ya nyumbani kwake. Mi mwenyewe nlimlaumu mdogo wangu wa Gungu wiki tatu nzima kwamba ananunua bando la hovyo, kumbe kila Jumapili nikirudi kazini simu yangu inaanza kupandisha picha za wiki nzima, pingi inatoka 28 inafika 600. Nlimwomba radhi.

Na angalia jambo moja. Uliponunua 500, hiyo ni ya kushusha, yaani kupokea data. Ya kupandisha ni ngapi? Kwa kampuni nyingi inabaki kidogo tu, na foleni inajaa upande huo. Fanya hivi, acha ile ping ya 8.8.8.8 inaendelea, huku tuma video ndefu kwenye hifadhi ya mtandaoni, uangalie namba. Ikipanda kutoka 20 kwenda 300 tumemkamata.

Sasa umbali. Huo hakuna hela inayoufuta. Mwanga ndani ya kebo ya fiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwahiyo kila kilomita 100 za kebo ni milisekunde 1 kwenda na kurudi. Manchester mpaka Tabora kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 7,000, hapo ushapoteza 70 kabla ya kitu chochote, na data hairuki kama ndege. Si unajua ukitaka kwenda Mwanza kwa treni toka Kigoma lazima uje kwanza Tabora ndo ugeuke? Ndivyo ilivyo, data ya mtoto inashuka kwanza na mkongo mpaka Dar, inaingia baharini, inazunguka. Kwahiyo yeye akipata 170 au 190 kwenye seva ya Ulaya hana kosa na simu yake haina kosa. Mwaka 2024 tarehe 12 Mei kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na Tanzania nzima ikayumba, siku kama hizo mtoto asilaumiwe kabisa.

Mnachoweza kuchagua ni seva. Wengi wetu tunaweka Ulaya kwa sababu kwetu ni karibu, halafu tunashangaa kwanini mtoto anakufa kila mara, wakati sie tuna 25 yeye ana 190! Jaribuni ya Mashariki ya Kati, na kama gemu yenu ina ya Afrika Kusini jaribuni hiyo pia, kila mmoja aandike namba yake ya pale kwenye kona, kisha chagueni ile ambayo nyie wawili mnakaribiana. Msiamini ramani, aminini namba, manake njia nyingine inaonekana fupi kumbe inapita Ulaya kwanza ndo inarudi.

---

Kutoka: Mama wa Kasulu, Winnipeg

Naongezea kidogo upande wa nyumbani. Wanangu wakicheza na binamu zao tumegundua saa ndo kila kitu. Saa mbili usiku kule mtaa mzima uko mtandaoni kwenye mnara mmoja, Jumamosi asubuhi mnara uko mweupe. Pia mtoto asichezee kwenye simu iliyounganishwa na hotspoti ya simu nyingine kama anaweza kuweka laini kwenye simu yake mwenyewe, hatua moja inapungua. Azime apdeti za nyuma, azime ile setingi ya kubana chaji, asogee dirishani.

Na kwa wenye ndugu mpakani: mama yangu yuko Manyovu, wajukuu wakienda kumsalimia simu inadaka mnara wa Burundi yenyewe, salio linakwisha na gemu inakufa. Waende kwenye setingi za mtandao wachague wa Tanzania kwa mkono, wasiache ijichagulie.

Halafu zile apu za bure za VPN, yaani za kupitisha data yako kwenye seva ya mtu mwingine, zinazojitangaza kwamba zinaondoa kulagi, tafadhali msiwawekee watoto. VPN inasaidia mara chache pale njia ya kampuni ikiwa mbovu, mara nyingi inaongeza kituo kingine tu katikati, na hizo za bure hujui mwenyewe ni nani na anasoma nini.

---

Kutoka: Shangazi wa Isevya, Manchester

Marahaba mdogo wangu, na asante mama wa Kasulu. Nimepima kama ulivyosema. Ruta kwa waifai: 3, 4, 3, mara 9. Safi. Ya nje nikiwa sijagusa kitu: nlitegemea 20, nkaona 240, 260, 310!! Na sijatuma video yoyote. Nkakaa nkafikiri nini kinapandisha, nkachomoa kimoja kimoja. Ni kamera ya mlangoni. Niliiweka miezi miwili iliyopita baada ya mizigo yangu kuibiwa mlangoni, inarekodi barabara nzima mchana na usiku na kupandisha mtandaoni, nilipoichomoa tu pingi ikashuka 19. Nimejikuta nalia, yaani mtoto alikuwa anasema kweli toka mwanzo. Ya kupandisha kwangu ni Mbps 6, nayo haikuongezwa hata kidogo nilipohama kwenda 500.

Sasa kamera siwezi kuitoa, naishi peke yangu. Nifanyeje?

---

Kutoka: Kaka wa Gungu, Dortmund

Usiitoe dada. Kwanza ingia kwenye apu ya kamera, punguza ubora wa picha na uiwekee irekodi pale tu kitu kinapopita, hiyo peke yake inaweza kutosha. Kama haitoshi, fungua setingi za ruta utafute sehemu iliyoandikwa SQM au QoS, ndo za kupanga foleni. Kama ina SQM yenye fq_codel au CAKE, ambazo ni njia za kuigawa foleni, umepata bahati, hizo zinaupa kila mtiririko zamu yake ili kidogo kisizibwe na kikubwa, pima spidi yako ya kupandisha halafu iwekee kikomo cha asilimia 85 mpaka 90, kwa hiyo Mbps 6 weka kama 5.2. Unapoteza spidi kidogo ila foleni inasimamiwa na ruta yako mwenyewe badala ya kujaa kwenye modemu. Ruta za kupewa na kampuni nyingi hazina hiyo, hapo unanunua yako inayokubali OpenWrt, programu ya bure ya kuendesha ruta, na kuiweka katikati. Na ukipiga simu tena usiulize spidi, uliza mkataba wenye kupandisha kukubwa, uulize na kama siku za kughairi zimebaki.

---

Kutoka: Shangazi wa Isevya, Manchester

Siku za kughairi zilikuwa 14, nilikuwa kwenye ya 11. Nimerudi kwenye Mbps 60.

Kamera nimeipunguza, SQM ruta yangu haina ila imetosha. Jana tumeanza saa moja asubuhi ya huku, saa nne ya Tabora, seva ya Mashariki ya Kati, mi 110 yeye 140, haziyumbi. Tumecheza saa mbili na nusu. Nilimwomba msamaha, akasema "si nilikwambia shangazi", kisha akanyamaza tukaendelea, na mbele kidogo tukiwa tumejificha nyuma ya ukuta tunasubiri akaniambia viatu vya shule vinambana toka Januari na hataki kumwambia mama yake kwa sababu anajua hela hana.

Kwahiyo naulizia hapahapa, kuna anayesafiri kwenda Tabora mwezi huu, au hata Dar nitajua namna ya kuvifikisha, anibebee jozi moja? Vyeusi vya kamba, namba 41.