Namna ya kuagiza chakula katika mgahawa mdogo wa Kiitaliano: naomba mwongozo

Mgeni wa Meza ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Karibu na ninapoishi, katika jiji kubwa lenye migahawa ya kila aina, upo mgahawa mdogo wa Kiitaliano unaoendeshwa na mtu na mkewe, wenye meza chache na orodha ya vyakula isiyozidi ukurasa mmoja. Kwa muda mrefu nimekuwa nikila pale peke yangu, nikiagiza pitsa, nikilipa na kuondoka, kwa hiyo sikuhitaji kujua zaidi ya hapo. Sasa nimewaalika wakwe zangu chakula cha jioni mahali hapohapo, na nisingependa kukaa mbele yao nikiikodolea macho menyu kama mtu aliyeletewa hati ya mahakama.

Orodha yenyewe imegawanywa katika antipasti, primi, secondi, contorni na dolci. Je, mteja analazimika kuagiza kitu kutoka kila sehemu? Jambo la pili ni kwamba hivi karibuni nililetewa tambi zilizokuwa na ugumu kidogo katikati, nikazila bila kusema neno, na ningependa kujua kama ilifaa nizirudishe jikoni. Tatu, carbonara yao imeandikwa waziwazi kuwa haina krimu, ilhali zote nilizokula kwingine zilikuwa na krimu tele. La mwisho ndilo linaloninyima raha: mama mkwe hali nyama ya nguruwe na hatumii kileo cha aina yoyote, hata kile kilichopikiwa ndani ya chakula. Naomba wenye uzoefu wanielekeze.

---

Jikoni Daima amejibu:

Ndugu Mgeni wa Meza, nimefanya kazi katika majiko ya aina hiyo kwa miaka mingi, basi nitakujibu kwa jinsi mambo yanavyoonekana kutoka upande wa jikoni.

Mgawanyo huo unafuata mpangilio wa mlo kamili wa Kiitaliano. Antipasti ni vitangulizi, primi ni tambi, risotto (wali mzito wa Kiitaliano) au supu, secondi ni nyama au samaki, na dolci ni vitindamlo. Watu wengi hukwama kwenye contorni. Secondo huletwa kama kilivyo, kipande cha nyama au samaki bila chochote pembeni, kwa hiyo mboga na viazi vinapaswa kuagizwa kando, na asiyejua hilo hulalamika kwamba amepunjwa. Hakuna anayelazimishwa kupita sehemu zote. Hata Italia kwenyewe, siku ya kazi mtu hula primo na saladi, au antipasto na secondo, akaridhika. Mlo mzima wa hatua zote huachiwa Jumapili na sikukuu.

Kinachotusumbua jikoni ni meza ambayo mmoja ameagiza primo na secondo, mwingine secondo peke yake, wa tatu vitangulizi viwili, na mhudumu hakuambiwa nani aletewe nini na kwa wakati gani. Matokeo yake ni baba mkwe kuangalia wenzake wakila huku sahani yake ikisubiri zamu. Mwambieni mhudumu tangu mwanzo kwamba vitangulizi viwekwe katikati ya meza mle pamoja, kisha sahani zote zinazofuata zije kwa mkupuo mmoja, hata kama nyingine ni za tambi na nyingine ni za nyama.

Kuhusu ugumu wa tambi, inategemea ulikuwa ugumu wa namna gani. Tambi kavu, zinazotengenezwa kwa ngano ngumu na maji, hutolewa kwenye sufuria kabla hazijaiva kabisa kwa sababu humaliziwa kwenye kikaango pamoja na sosi na maji kidogo ya kuchemshia. Maji hayo yana wanga, na wanga huo ndio unaofanya mafuta na maji yashikamane, sosi ikawa nzito na kuing'ang'ania tambi badala ya kutuama chini ya sahani. Kwa hiyo ukiuma tambi iliyopikwa vizuri ni lazima uhisi ikikushindania kidogo. Lakini ukiikata ukaona kidoa cheupe cha unga mkavu katikati, na kikabaki kwenye meno, hiyo ni mbichi na una haki ya kuirudisha, kwa upole, mara tu unapogundua na si baada ya kumaliza nusu ya sahani. Tambi za mayai zinazokandwa papo hapo, kama tagliatelle, ni laini kwa asili yake na hazipimwi kwa kipimo hicho.

Sasa carbonara. Ndani yake mna mayai, jibini ya pecorino, pilipili manga na guanciale, ambayo ni nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Ule ute unaoifunika tambi unatokana na mayai na jibini kukorogwa na maji ya moto ya tambi baada ya kikaango kuondolewa motoni. Moto ukizidi kidogo tu, mayai yanaganda vipandevipande na kazi imeharibika. Hapo hakuna dawa, unaanza upya. Krimu huvumilia moto, ndiyo maana majiko yenye haraka huipenda. Mgahawa unaotangaza kwamba hauitii unakuambia kwamba mpishi wake anauamini mkono wake. Kwa mama mkwe, hata hivyo, sahani hiyo haifai kabisa.

Ukitaka kumpima mpishi yeyote wa Kiitaliano, agiza aglio e olio: tambi, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na pilipili kali, basi. Kitunguu kikiungua kidogo utakionja, mafuta yakiwa ya kubahatisha utayaonja pia, na hakuna nyanya wala jibini ya kuyafunika.

---

Mla Bila Masharti amejibu:

Namheshimu mzee Jikoni Daima na sina ugomvi na maelezo yake ya tambi, ila hili la krimu limenichosha, kwa sababu kila anayejifunza habari za carbonara huanza kuwahukumu wenzake. Sahani yenyewe si ya kale kama watu wanavyodhani. Ilianza kuonekana katika maandishi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na jarida moja la mapishi la Italia lilipoichapisha mwaka 1954 lilitaja jibini ya Gruyère na kitunguu saumu, vitu ambavyo leo vingemfanya mtu wa Roma ainuke mezani. Wako pia wapishi mashuhuri wa Italia waliowahi kuitia krimu bila aibu.

Tena, migahawa mingi ya Kiitaliano katika miji mikubwa ya dunia imerithi mapishi ya wahamiaji. Kati ya miaka ya 1880 na 1920 mamilioni ya Waitaliano, wengi wao kutoka kusini mwa nchi, walihamia Marekani, na huko walikuta nyama inapatikana kwa wingi ambao hawakuuzoea nyumbani. Hapo ndipo spageti na mabonge makubwa ya nyama vilipokutana katika sahani moja, na kuku wa kukaangwa akafunikwa nyanya na jibini kwa namna ambayo awali ilikuwa ya biringanya. Pitsa za New York nazo zina historia yao. Mgahawa wa Lombardi's wa Manhattan husemekana kuanza kuziuza mwaka 1905. Kuviita vyakula hivi bandia ni kudharau zaidi ya miaka mia moja ya kazi ya watu.

Ushauri wangu, ndugu muulizaji, ni kutazama mgahawa wenu umejitambulisha kama nini. Ukiahidi mapishi ya Roma, upimwe kwa Roma. Ukiahidi mapishi ya wahamiaji, upimwe kwa hayo. Na baba mkwe akitamani kapuchino, kahawa yenye maziwa mengi, baada ya chakula cha usiku, aagize bila wasiwasi. Waitaliano huiona kuwa kinywaji cha asubuhi, wao usiku hunywa espresso, lakini hakuna mhudumu mwenye akili atakayemkatalia mgeni kikombe cha maziwa.

---

Msomaji wa Viambato amejibu:

Naona suala la mama mkwe limepitiwa juujuu, nalo ndilo lenye hatari. Nyama ya nguruwe katika mapishi ya Kiitaliano haiko tu mahali unapoiona. Amatriciana, sosi ya nyanya ya tambi, hutegemea guanciale kama carbonara. Ragù ya Bologna, yaani sosi ya nyama ya kusaga ambayo wengi hudhani ni ng'ombe mtupu, ina pancetta (nyama ya tumbo la nguruwe iliyotiwa chumvi) na mvinyo hata katika fomula iliyosajiliwa rasmi mwaka 1982 kwenye Chemba ya Biashara ya mji huo, kwa hiyo lasagne (tambi bapa zinazookwa kwa tabaka) inayotiwa ragù hiyo nayo haifai. Mabonge ya nyama mara nyingi huchanganywa ng'ombe na nguruwe. Supu ya maharage inaweza kuwa imeanzwa kwa kukaanga pancetta, na mikate mingine ya focaccia hukandwa kwa mafuta ya nguruwe.

Kileo ni kigumu zaidi kukigundua. Risotto karibu zote huanza kwa mvinyo mweupe unaomiminwa juu ya mchele uliokaangwa, na tambi za kome na chaza huwa vivyo hivyo. Usikubali kuambiwa kwamba pombe yote huyeyuka ikipikwa. Hupungua kadiri chakula kinavyokaa motoni, lakini sehemu yake hubaki, na kwa mtu mwenye msimamo kama wa mama yetu swali halihusu kiasi. Tiramisu nyingi, kile kitindamlo cha kahawa na jibini laini, zina mvinyo wa Marsala au ramu. Panna cotta, kitindamlo cha krimu, nayo hugandishwa kwa jelatini, ambayo aghalabu hutokana na nguruwe au ng'ombe.

Kilichobaki ni kizuri na kingi. Kuna tambi za nyanya na mrehani, aglio e olio iliyotajwa juu, na pasta alla Norma ya Sicilia yenye biringanya, nyanya na jibini ya ricotta iliyotiwa chumvi. Kuna pitsa ya Margherita, saladi ya nyanya na jibini ya mozzarella, na samaki wa kuchoma kwa limau. Bresaola ni nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, lakini iulizieni, kwa kuwa wapo wanaoiloweka kwa mvinyo. Kama naye huangalia jinsi mnyama alivyochinjwa, afahamu kwamba Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama. Wengine hawalijali hilo, wengine hulijali sana, na ni yeye wa kuamua.

---

Pembe ya Tanuri amejibu:

Nyongeza fupi ya pitsa. Ikiwa mgahawa wenu hupika kwa mtindo wa Napoli, pitsa hukaa tanurini sekunde 60 hadi 90 tu katika joto la zaidi ya nyuzi 400, kwa hiyo ukingo huvimba na kuwa na madoa meusi, na katikati hubaki laini yenye majimaji. Wazee wengi wakiiona hivyo husema imeungua nje na haijaiva ndani. Waelezeni mapema, na waleteeni kisu na uma, kwa sababu kipande chake hakinyanyuki vizuri kwa mkono.

---

Mgeni wa Meza amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimeamua tuanze na saladi ya mozzarella na biringanya katikati ya meza, mama apate Norma, baba achague mwenyewe, na mimi nijaribu hiyo aglio e olio. Nimebakiwa na swali moja: masharti ya mama niyaeleze mezani tukishakaa, au kabla? Nisingependa aonekane msumbufu mbele ya watu.

---

Jikoni Daima amejibu:

Kabla, tena kwa simu, wakati wa alasiri baada ya wateja wa mchana kuondoka na kabla ya wa jioni kuingia. Saa hiyo mpishi mwenyewe anaweza kupokea, akafikiri, na hata akatenga kikaango kisichoguswa na nguruwe. Ukimwambia mhudumu saa ambayo meza zote zimejaa, ujumbe hupita midomo mitatu kabla haujafika kwenye jiko, na kila mdomo hupunguza neno. Usiseme tu "hali nguruwe". Taja pia mvinyo, mafuta ya nguruwe na jelatini, maana kuna wapishi ambao kwao mvinyo kwenye sufuria ni kiungo kama chumvi na hawatakumbuka kukutajia.

Muulize pia Norma yao inatiwa nini. Kwa kawaida haina nyama, lakini sosi ya nyanya ya nyumba inaweza kuwa na historia yake. Akikuambia kwamba sahani fulani haiwezi kubadilishwa kwa kuwa sosi ilikwishapikwa asubuhi, mwamini na uchague nyingine, wala usimshurutishe kuchambua pancetta kutoka kwenye ragù, kwani ladha na mafuta vilikwishaingia.

Na mkishamaliza kula, mjue kwamba kwa desturi ya Kiitaliano bili haiji mpaka iombwe, kwa sababu kuileta bila kuulizwa ni kama kumfukuza mgeni. Ishike wewe mapema, labda unapokwenda kunawa mikono, kabla baba mkwe hajaanza kutafuta pochi.