Mjadala: Mtoto wa primeri apewe hadithi nzima au iliyokatwa?

Mwalimu, Ibanda:
Wazazi na walimu wenzangu wa Bukavu, naomba tujadili hili bila kukasirikiana. Mtoto wa mwaka wa tano asome Le Petit Prince ya Antoine de Saint-Exupéry, hadithi ya Kifaransa ya mwana mdogo wa mfalme aliyetoka sayari ndogo akakutana na rubani jangwani, kama ilivyo, au apewe muhtasari wa kurasa chache wenye maswali chini yake? Wanaotaka muhtasari wanasema hataielewa. Mimi nasema apewe yote, na tuache kumuuliza "fundisho lake ni nini?" huku jibu moja tu tukiwa tumeshalishika mkononi.

Chukueni ile mibuyu. Kila asubuhi yule mwana wa mfalme hung'oa miche yake, la sivyo mizizi itapasua sayari yake ndogo. Mtoto anaelewa kwamba kazi ya asubuhi haiachwi hadi kesho. Mtu mzima anayejua kwamba kitabu kilitoka New York mwaka 1943, Ufaransa ikiwa bado chini ya jeshi la Hitler, huona humo uovu uliolelewa hadi ukashinda watu nguvu. Mtoto hajakosea. Aliyemkatia sura hiyo ndiye aliyemnyima, leo na atakapokuwa mkubwa.

Kila mtu huelewa kwa ngazi yake, na ngazi hiyo haifuati umri. Kuna mlevi anayekunywa ili asahau aibu ya kunywa. Darasa hucheka sana hapo. Lakini mtoto anayeishi na mlevi nyumbani hacheki, na ukurasa ule anaujua kuliko mimi ninayemfundisha.

Mama wa watoto watatu, Kadutu:
Mwalimu, nakuheshimu, ila umeruka tatizo la kwanza: Kifaransa. Mwanangu anasoma kwa sauti nzuri kabisa, ukimuuliza nini kimetokea ananyamaza. Hapo hajafika kwenye ngazi yoyote. Katiba ya Kongo ya 2006 inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, na tafsiri ya Kiswahili ya hadithi hiyo ipo. Kwa nini tusianze nayo?

Halafu yule nyoka wa mwishoni, anayemuuma mwana wa mfalme. Watoto wetu wameona vifo vya kutosha katika mji huu. Hapo mimi ningekata.

Mwalimu, Ibanda:
Kuhusu lugha, mama, nakubali bila kupinga. Kuhusu nyoka, hapana. Someni tena: mwana wa mfalme mwenyewe anamwambia rubani kwamba ataonekana kama amekufa, na haitakuwa kweli. Kulipokucha, mwili haukuonekana. Mtoto anayetaka kuamini kwamba amerudi kwenye nyota yake ana maneno ya kuegemea, na anayeona kifo anayo pia. Hao walioona vifo ndio ninaowafikiria zaidi. Mwanzoni imeandikwa kwamba kitabu ni kwa ajili ya Léon Werth, rafiki wa mwandishi aliyekuwa Ufaransa akiteseka kwa njaa na baridi. Ni mtoto gani wa hapa mwenye ndugu aliyekimbia vita atahitaji kuelezwa sentensi hiyo?

Mwanafunzi wa ualimu, Bagira:
Naungana na mwalimu, ila kwa sharti. Tukisema kila mtoto anaelewa kwa ngazi yake, wengine watafika mahali pa kusema kila jibu ni sawa. Si sawa. Anayesema mbweha, yule rafiki wa mwana wa mfalme, alikula ua la waridi arudishwe kitabuni. Anayesema mbweha alisema atalia kwa sababu rafiki anaondoka apewe pointi. Na anayesema mbweha hakupata hasara, kwa kuwa rangi ya ngano itamkumbusha nywele za rafiki yake, apewe pointi pia, mradi aonyeshe ni wapi amesoma hivyo.

Na kwa atakayesema shuleni hakuna vitabu, nakala moja inatosha kuanza. Sura ni 27, nyingi fupi. Mwalimu asome moja kwa siku kwa sauti, kisha watoto waisimulie kwa Kiswahili, na hapo atajua nani ameelewa nini kabla hajaandika swali lolote ubaoni.

Mama wa watoto watatu, Kadutu:
Kwa njia hiyo, hata nyoka msomeeni. Ila siku hiyo msiwape mtihani.